Koti Lililomwota Kondoo

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya maonyesho ya mifugo, Dada alikuwa amepiga magoti zizini akimsugua kondoo kwato kwa mswaki mkuukuu wa mama yake, alipogusa kitu kigumu chini ya kidevu cha mnyama. Alidhani ni kupe. Alipotenga manyoya kwa vidole akakuta kifungo. Kilikuwa cha rangi ya pembe, chenye matundu manne, kimeshikizwa barabara kwa uzi wa sufu. Dada alikagua blauzi yake kwanza, maana blauzi ile ilikuwa na tabia ya kupukutisha vifungo kama mti unavyopukutisha majani. Vyote vilikuwepo isipokuwa kimoja kilichopotea mwaka juzi, nacho kilikuwa cha buluu. Akakivuta kile cha kondoo. Kondoo akalia kama aliyevutwa sikio. Dada akakiacha, akaendelea na ukwato wa nne.

Kufikia adhuhuri vifungo vilikuwa vitano, vimejipanga mstari mmoja kutoka kidevuni hadi tumboni. Alasiri kola ilisimama. Ijumaa kulipopambazuka manyoya ya mgongoni yalikuwa yamejifuma yenyewe, mishono iliyobanana vizuri, na mbavuni palikuwa na mfuko mmoja kila upande. Miguu ya mbele ya kondoo ilikuwa imo ndani ya mikono, na mikono ilikuwa na pindo.

Dada alimkuta mama yake amekaa barazani akichambua maharage.

“Mama, kondoo ameota koti.”

“La mikono mirefu?”

“Mirefu.”

“Lina mifuko?”

“Miwili.”

Mama alitupa kijiwe alichokiokota kwenye ungo. “Basi mwambie ndugu yako asinunue lingine,” akasema. “Baridi haiko mbali.”

Kondoo mwenyewe aliitwa Bi Harusi, kwa sababu tangu siku ya kwanza alitembea polepole na watu wote wakamtazama. Mama yake alikufa akimzaa. Dada alimlea kwa chupa jikoni, akamfunika kwa sweta lake, na usiku alipolia alimwekea kidole mdomoni anyonye mpaka alale. Wakati wa kazi alizoea kumsimulia habari za nyumbani, na kondoo alikuwa na namna ya kusikiliza ambayo watu wachache wanayo: hakuwa akingoja zamu yake ya kusema.

Na huyu Dada alikuwa na jina lake kamili, limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini cheti kiko sandukuni na sanduku liko chini ya kitanda. Nyumbani alikuwa Dada. Hata mama yake aliyemzaa alimwita Dada. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alipokuwa na kumi na mitatu baba yao alifariki, akaacha kondoo kumi na mmoja na watoto wawili, na ikaonekana wazi kwamba mtoto mmoja ataendelea na shule na mwingine ataendelea na kondoo. Kikao cha familia hakikuchukua hata dakika kumi. Uji ulikuwa bado moto.

Aliyeendelea na shule ni mdogo wake, aliyebandikwa jina la Mkurugenzi tangu ana miaka mitano, kwa kuwa hata umri ule alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwaelekeza wenzake mahali pa kuchimba. Alikuwa sasa mtumishi wa idara ya maji, dirisha la malalamiko, mahali alipojifunza kusikiliza watu hadi mwisho bila neno hata moja kumwingia. Hakuwa mtu mbaya. Kila Ijumaa alikuja nyumbani na mkate, akamuuliza dada yake kama hajachoka, kisha akaingia ndani kabla ya jibu.

Habari za maonyesho Dada alizisoma mwenyewe kwenye bango lililobandikwa mlangoni mwa ofisi ya mifugo. Bango lilisema kwamba mwaka huu mnyama bora kuliko wote atampatia aliyemlea nafasi ya mwaka mmoja katika chuo cha mifugo, kulala na kula juu ya chuo. Dada alilisoma neno “aliyemlea” mara tatu. Kisha akasogea pembeni, akarudi, akalisoma tena kama mpita njia, akaona bado lipo.

Akachukua fomu. Fomu ilikuwa na mstari wa mmiliki, mstari wa aina ya mnyama na mstari wa umri wake. Mstari wa mlezi haukuwepo. Dada aligeuza nyuma ya karatasi, nako hakukuwa na kitu.

“Kwenye mmiliki mwandike ndugu yako,” alisema Mama. “Mali ya marehemu ni ya mwanamume. Usije ukatuletea maneno.”

Dada akamwandika ndugu yake, kwa mwandiko ambao mwalimu wake wa zamani aliwahi kuutundika ukutani. Hakumwambia mtu alichokuwa akikifikiri. Ila wiki ile nzima, kila alipopita jikoni, alikuwa akizitaja kimoyomoyo kazi ambazo Mama angeweza kuzifanya mwenyewe kwa mwaka mmoja, akafika saba. Na sketi yake ya pili aliipiga pasi mara mbili.

Mkurugenzi alifika Ijumaa alasiri na mkate na mke wake. Wakaenda wote zizini. Mkurugenzi alimzunguka kondoo, mikono nyuma.

“Rangi hii inashika uchafu,” akasema. “Haiwezekani ikawa nyeusi kidogo?”

“Nitamuuliza,” alisema Dada.

Mkewe aliinama akashika pindo. Alikuwa mwanamke mpole aliyependa vitu vizuri na kuvipata kwa nadra. “Wifi, hebu ona mshono huu,” akasema. “Madukani hakuna.”

“Amehangaika nalo tangu jana,” alisema Dada.

“Na wewe umechoka?” aliuliza Mkurugenzi, akaingia ndani.

Jumamosi muuza maziwa aliwapa lifti kwenye pikapu yake. Mama, Mkurugenzi na mkewe walibanana mbele. Dada na Bi Harusi walikaa nyuma, na kwa kuwa ilikuwa mwisho wa kiangazi na barabara vumbi tupu, Dada alimfunika kondoo kwa shuka. Mwenyewe alifika uwanjani mwekundu kama tofali.

Lango la usajili lilikuwa na karani mmoja, meza moja na foleni ndefu ya mbuzi. Zamu yao ilipofika karani aliinua macho akamtazama Bi Harusi, akayashusha kwenye kitabu cha kanuni.

“Wanyama waliovishwa nguo hawapokelewi,” akasema. “Kifungu cha kumi na nne.”

“Hajavishwa,” alisema Dada. “Limemwota.”

Karani alitoka nyuma ya meza, akashika kola kwa vidole viwili na kuvuta. Kondoo akalia. “Basi hiyo ni habari nyingine,” alikiri. Alitafuta kifungu cha wanyama walioota nguo, akafika hadi jalada la nyuma, hakukipata. Akapiga muhuri, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika: *Koti ni lake mwenyewe.* Wakapewa nambari kumi na tisa.

Mwamuzi Mkuu alikuwa daktari wa mifugo mstaafu mwenye kofia pana. Alifuatana na waamuzi wawili ambao kazi yao ilikuwa kuafiki, na waliifanya vizuri. Walipofika kwa Bi Harusi walitazama meno, wakamwinua miguu mmoja mmoja, wakasifu kwato. Mkurugenzi, aliyesimama mbele kabisa akiwa na viatu vilivyong'arishwa, alisema, “Tunajitahidi.” Kisha wakafika kwenye koti, wakasimama.

“Hapa tunapima sufu au tunapima ushonaji?” aliuliza Mwamuzi Mkuu.

Waamuzi wawili waliafiki kwamba hilo lilikuwa swali.

“Kondoo wangu pia angeweza kuota koti angetaka,” alisema bwana mmoja mnene wa kibanda cha jirani, aliyeshinda miaka mitatu mfululizo. “Ni vile tu hana majivuno.”

Akaitwa fundi cherehani, aliyekuwa langoni akishona tepe za washindi. Alikuja na futi shingoni na penseli sikioni, na uzi wa tepe bado unaning'inia mdomoni. Alimzunguka Bi Harusi mara moja, akageuza pindo, akachungulia upande wa ndani. Alikaa amechungulia hivyo kwa muda.

“Hili halikufumwa kwa papara,” akasema. “Aliyelifuma alikuwa na mtu wake kichwani.”

“Mtu gani?”

“Koti haliongei, mzee. Lazima livaliwe.”

Mwamuzi Mkuu aliona hakuna kanuni inayozuia. Dada akafungua vifungo, saba kwa jumla. Bi Harusi aliinua mguu wa mbele wa kulia, kisha wa kushoto, akatoka ndani ya koti kama mtu aliyelizoea. Chini alikuwa ameshanyolewa, mwili mzima sawasawa, hadi nyuma ya masikio. Waamuzi wawili waliandika alama za usafi.

“Nipe nivae,” alisema Mkurugenzi. “Si langu?”

Mkono wa kulia ulimwingia hadi kwenye kiwiko ukagoma.

“Nyoosha mkono, baba,” alisema Mama.

“Nimenyoosha, Mama.”

“Basi vuta pumzi.”

Mkurugenzi alivuta pumzi, watu wawili wakavuta koti. Mikono ilimwishia chini kidogo ya viwiko. Huko mbele, vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombania urithi. Akavuliwa kwa shida, uso umemwiva. Mkewe naye akalijaribu, likammeza, akacheka, akalivua upesi kwa sababu alianza kulipenda. Mama alisema wasimjaribu yeye, ana joto.

Fundi aligeuka. “Na huyu aliyeshika kamba?”

“Huyo ni Dada,” alisema Mkurugenzi, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba ile ni nguzo ya simu.

“Nami nauliza, amelijaribu?”

Dada alifuta viganja kwenye sketi, akampa wifi yake kamba, akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili.

Bega la kulia la Dada lilikuwa chini ya la kushoto kwa inchi moja na robo, kwa kuwa kwa miaka ishirini na minane alikuwa akibeba ndoo ya maji kwa mkono wa kulia. Bega la kulia la koti nalo lilikuwa chini kwa inchi moja na robo. Fundi alipima mara tatu, akawaonyesha waamuzi futi. Kwenye kiwiko cha kushoto, mahali ambapo Dada huegemea mlango wa zizi, sufu ilikuwa imefumwa mara mbili. Ndani ya mfuko wa kulia palikuwa na kijifuko kingine chembamba. Dada alitoa ufunguo wa zizi kifuani, akautumbukiza humo, ukakaa bila kulia.

“Limemkaa hilo!” alisema mama mmoja muuza mayai, na watu wakapiga makofi.

Tangu azaliwe Dada hakuwahi kuvaa nguo iliyokatwa kwa ajili yake. Sare yake ya shule ilikuwa ya binamu. Viatu vyake vilikuwa vya marehemu shangazi, aliyekuwa na mguu mrefu zaidi na ambaye hakuwa na namna ya kulalamika. Sasa mikono ya koti iliishia pale pale mikono yake ilipoishia, naye hakujua aiweke wapi. Aliishusha. Akaipandisha kidogo, akaitazama. Jua lilikuwa la utosi na yeye amevaa sufu, lakini hakutoka hata tone la jasho.

“Limekaa,” alisema Fundi, akarudisha penseli sikioni, akarudi langoni, maana tepe za washindi wa tatu zilikuwa bado.

Mwamuzi Mkuu aliteta na wenzake. “Nambari kumi na tisa ni wa kwanza,” akatangaza. “Alama tisini na nane.”

“Hizo mbili zimekwenda wapi?” aliuliza bwana mnene, aliyetafuta pa kujifariji.

“Kola imelalia kushoto.” Mwamuzi Mkuu akafungua jalada. “Sasa, aliyemlea.” Akasoma jina lililoandikwa kwenye fomu. Mkurugenzi akanyoosha mkono, kama darasani.

“Mzee,” alisema Dada, angali ndani ya koti, “mimi ndiye niliyemlea.”

Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya, na maneno yalifika hadi kwenye mabanda ya mbuzi.

Mwamuzi Mkuu alivua kofia. Alikuwa mtu wa adabu. “Hatukatai, dada yangu,” akasema. “Mwenye macho haambiwi tazama, na sisi tuna futi. Lakini fomu ina nafasi moja ya jina, na jina limeshaandikwa. Tena kwa mwandiko mzuri sana.”

“Mwandiko ni wangu.”

“Hongera,” alisema Mwamuzi Mkuu, na aliyasema hayo kwa moyo mmoja.

“Na koti?”

“Koti halina mahali pa kutia saini.”

Waamuzi wawili waliafiki. Hapo karani, aliyekuwa amekuja na kitabu chake kuangalia mambo yanavyokwenda, alikohoa akasema kwamba kwa mujibu wa kifungu cha thelathini na moja mmiliki anaweza, kwa kauli yake tu, kumwachia nafasi mtu mwingine. Haihitaji hata karatasi. Watu wote wakamgeukia Mkurugenzi.

Mkurugenzi alimtazama dada yake. Kwa kweli alimtazama. Tangu utotoni hakuwahi kumtazama kwa muda mrefu namna ile. Aliona koti, akaona bega, akaona vumbi jekundu kwenye nyusi zake. Uso wake ulikunjamana kama unavyokunjamana dirishani siku mabomba yanapopasuka mitaa yote kwa pamoja.

“Dada,” alisema mwishowe, “ningekuachia. Mungu ni shahidi, ningekuachia hapa hapa. Lakini ukienda wewe, nani atabaki na kondoo?”

Mnong'ono wa kukubali ulipita uwanjani. Lilikuwa neno la busara. Hata muuza mayai alitikisa kichwa, akasema kweli, kondoo huyo atamtaka aliyemzoea. Bi Harusi alisimama pale amenyolewa, akimtazama Dada, na hakuna aliyemuuliza.

Mama alimshika binti yake kiwiko, pale pale penye sufu mbili. “Usimwaibishe ndugu yako mbele za watu,” akamwambia kwa sauti ya chini. “Vua. Anataka kupigwa picha.”

Dada alifungua kifungo kimoja kimoja, saba. Akatoa ufunguo wake. Akampa Mkurugenzi koti.

Mpiga picha alimweka Mkurugenzi katikati, kondoo kulia, Mama kushoto. Koti lilimbana makwapa hivyo hakuweza kuinua mikono, na kikombe cha ushindi lazima kiinuliwe, kwa hiyo Dada alichuchumaa nyuma yake akakiinua yeye, mikono ikitokeza juu ya mabega ya ndugu yake. Jasho lilimmwagika Mkurugenzi hadi likaingia machoni. “Tabasamu, mfugaji,” alisema mpiga picha. Ikatoka picha nzuri. Ukiitazama kwa haraka unadhani ni mtu mwenye mikono minne, miwili imebanwa ubavuni na miwili ikishangilia.

Mkurugenzi aliomba likizo ya mwaka mmoja idara ya maji, wakampa bila maswali, kwa sababu dirisha la malalamiko lilikuwa linafanya kazi vilevile likiwa limefungwa. Akaenda chuoni amevaa koti.

Wiki ya pili ikaja barua. Ilianza na salamu kwa Mama, ikaendelea na habari za chakula, ambacho kilikuwa kingi, na mwishoni ilisema: *Dada, kondoo akivimba tumbo upande wa kushoto, mtu anafanyaje? Nijibu upesi, mtihani ni Jumanne.* Dada alijibu kwa ukurasa mmoja na nusu, alikaa jikoni akiandika huku chungu kikichemka, na alipomaliza aliurudia tena kusoma, si kwa kutafuta makosa. Baada ya hapo barua zikawa zinakuja kila wiki. Kwa nini kondoo anachechemea baada ya mvua? Utajuaje kama atazaa leo au kesho? Dada alijibu zote. Mkurugenzi akaandika kwamba mwalimu alisoma jibu lake mbele ya darasa zima, akasema huyu kijana ana kipaji ambacho hakifundishiki.

“Nilijua,” alisema Mama. “Tangu mdogo.”

Wakati wa baridi Bi Harusi akaota koti la pili. Mama aliamka mapema siku hiyo, akaenda zizini na kamba, akampima kondoo kutoka bega hadi kwato, akafunga fundo. Kisha akachukua shati la mwanawe akalipima kwa kamba hiyo hiyo. Akashusha pumzi.

“Bado ni lako,” akamwambia Dada, kama anayemwambia mtu kwamba bado anakohoa. “Huyu mnyama ni mbishi. Sijui kaiga kwa nani.”

Ikaamuliwa kwamba tatizo ni kutomwona. Kondoo hawezi kufumia mtu ambaye hayuko mbele ya macho yake. Mama akachukua ile picha ya maonyesho, akaitundika zizini kwa msumari, usawa wa macho ya kondoo, apate kumzoea Mkurugenzi. Bi Harusi aliikaribia siku ile ile. Aliinusa, akaanza kuilamba. Hakumgusa Mkurugenzi wala Mama. Alilamba mikono miwili iliyoshika kikombe, kila asubuhi na kila jioni, mpaka mikono ikafutika, na kikombe kikabaki kinaelea juu ya kichwa cha Mkurugenzi bila wa kukishika. Mama alisema sasa hata picha imekuwa nzuri zaidi, ile mikono ilikuwa ikichanganya watu.

Koti la pili lilitumwa chuoni kwa posta. Kabla ya kulifunga kwenye karatasi Dada alilivaa zizini asubuhi tatu, tangu kupambazuka hadi Mama anapoamka, akachota maji ndani yake, akanywesha kondoo, akaegemea mlango. Majibu yalikuja baada ya siku kumi. *Limefika salama. Bado linabana. Mwambie kondoo ajitahidi.*

Dada alikwenda akamwambia. Alikuwa hajawahi kupewa ujumbe asiufikishe. “Anasema ujitahidi,” akasema, akakaa chini karibu naye na mswaki, akaanza na ukwato wa kwanza.

Mwisho wa kiangazi kilichofuata Mkurugenzi alirudi na cheti, daraja la kwanza. Hakurudi idara ya maji. Alipewa cheo cha Bwana Mifugo msaidizi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wafugaji wa kule kwao, nyumba kwa nyumba, kuanzia nyumbani kwao mwenyewe ili asionekane anabagua. Wakaja watu ishirini na wawili. Dada alipanga viti, akachemsha chai, akakaa nyuma karibu na mlango. Bwana mnene wa kondoo wasio na majivuno alikaa mbele na daftari.

Mkurugenzi alifundisha vizuri. Sauti alikuwa nayo, na karatasi zake zilikuwa zimepangwa. Alizisoma moja baada ya nyingine, na Dada, kule nyuma, alizitambua kwa mikunjo yake kabla hata hajasikia maneno. Hii ilikuwa ya uvimbe wa tumbo. Hii ya kuchechemea. Lile doa ni la mchuzi. Kwenye habari za uzazi Mkurugenzi alisoma, “Na usiku akilia, mwekee kidole mdomoni,” akasita, akaruka mstari, akaendelea.

“Kuna mwenye swali?” aliuliza mwishoni mwa sehemu ya kwanza.

Dada alinyoosha mkono.

“Wewe unayajua haya, Dada,” alisema ndugu yake kwa tabasamu, si kwa ubaya. “Waachie wageni.”

Saa kumi ilipofika kondoo walianza kulia. Ilikuwa saa yao ya maji. Walilia wote kumi na mmoja na watoto wao, hadi somo likawa halisikiki, na watu wakageuka mmoja mmoja wakamtazama Dada. Akainuka, akachukua ndoo, akatoka. Nyuma yake alisikia Mkurugenzi akitangaza kwamba sasa anagawa vyeti vya kuhudhuria, kwa wale tu waliokaa hadi mwisho, maana kanuni ni kanuni. Makofi yalipigwa mara ishirini na mbili, na wafugaji wakaaga wakaondoka, kila mmoja na chake.

Mama alimfuata zizini, kiganja kwenye nyusi kwa ajili ya jua.

“Umekosa cheti kwa dakika tano tu,” akasema. “Nilimwomba akuwekee kimoja. Anasema mwaka ujao.”

“Sawa, Mama.”

“Na wameacha vikombe kila mahali.”

“Nakuja.”

Mama akarudi ndani. Bi Harusi alikunywa polepole, kama desturi yake, na Dada alingoja amalize. Koti la tatu lilikuwa limeanza wiki iliyopita. Kola ilikuwa tayari, na mkono wa kushoto ulikuwa umefika kwenye kiwiko, penye sufu mbili. Dada aliulinganisha na mkono wake mwenyewe, akaona unakwenda vizuri, akaenda kuteka ndoo ya pili.